Nilivyopiga Mtungi Dimani

Mtungi wangu wa mwisho umepasuka. Haukuanguka wala haukugongwa na mtu. Nimeamka nikaukuta umefunguka ubavuni kama komamanga, siki yote imenywewa na udongo wa banda, na harufu imetanda mpaka kuku wamehamia kwa jirani. Nilisimama mlangoni na upindo wa kanga puani. Mjukuu wangu Hamisi, ambaye siku hizi ndiye mikono na miguu ya biashara yangu, alidhani nalia. Mimi silii ovyo. Siki ya kweli ikikupanda puani, macho hutoa maji yenyewe, uwe na msiba au usiwe nao.

Hamisi hakusikitika hata kidogo. Alipanda pikipiki mpaka Kibiti, akarudi na pipa la plastiki la bluu. Akalitoboa chini, akalitia mpira mweupe unaopitisha mwanga, akausimamisha ubavuni mwa pipa mpaka juu. Siki ya ndani inapanda kwenye mpira mpaka ikalingana na ya pipani, na ukitazama unaiona imefika wapi.

"Bibi, mambo ya kugongagonga yamekwisha," akasema. "Sasa unaangalia tu."

Nikaangalia, na kweli inaonekana. Kijana ana akili, sikatai, kairithi kwangu. Lakini mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, nikalipiga pipa kwa vifundo vya vidole, nikianzia juu nikishuka. Juu likasema bu. Katikati likasema bu. Chini, bu. Labda tofauti ipo, lakini si ya sikio langu. Plastiki haina ulimi.

Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kati ya lile pipa bubu na vipande vya mtungi, na ile harufu ikanichukua mpaka Dimani, nyumbani kwa Shangazi Mwanaidi, enzi ambazo daraja la Ndundu halijakuwapo na watu walikuwa wakivuka mto kwa pantoni. Nyie wenzangu mliokula chumvi kama mimi mnaijua harufu yenyewe. Vijana wanaijua ya kwenye chupa tu.

Nilizaliwa kwenye visiwa vya delta, upande wa Nyamisati, ambako baba alikuwa akikata boriti za mikoko. Mtoto wa huko hafundishwi saa, anafundishwa maji. Maji yakijaa, mtumbwi unakufikia karibu na mlango. Yakipwa, unatembea kwenye tope mpaka magotini na kaa wanakucheka. Kuna bamvua, maji yanapokuja kwa wingi mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, na kuna maji mafu, yanapokwenda na kurudi kivivu kama mtu aliyeshiba. Nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto, na hayo yote nilikuwa nayajua kuliko nilivyowajua babu zangu.

Shangazi, dada yake baba, hakujaaliwa mtoto. Siku moja akamtumia baba salamu: "Nipe yule mwenye jina la mama." Kwetu salamu kama ile haijibiwi kwa hapana. Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yao, Salma. Nikafungiwa nguo zangu kwenye mkoba wa ukindu, nikapelekwa Dimani, na tangu nilipokanyaga kizingiti Shangazi hakuniita mwanangu wala hakuniita Salma. Aliniita mama. Mtoto kama mimi, kamasi zinanitoka, naitwa mama na mtu mzima mwenye sauti ya kusimamisha punda. Nilivimba kichwa siku hiyo, na mpaka leo hakijasinyaa.

Shangazi alikuwa akipika siki. Nasema akipika, lakini moto haukuwapo. Alfajiri mgema alikuwa akileta tembo tamu, lile lililoshuka mnazini usiku huo, ambalo halijamlevya mtu bado. Shangazi analichuja kwa kitambaa cha marekani, analimimina mtungini, anafunika mdomo kwa kitambaa kingine na kukifunga kamba. Baada ya hapo ni kazi ya Mungu. Linaumuka, linatoa povu, linakuwa kali, kisha likiachwa kwa utulivu linaota utando juu na kuanza kuchachuka mpaka linageuka siki. Siki hiyo ilikuwa ikinunuliwa na Mama Shirini, mke wa mwenye duka la Kihindi pale Kibiti, aliyekuwa akitengeneza achari ya embe na ndimu inayoliwa mpaka Utete. Nyumba ya Shangazi ilikuwa ikila kutokana na mkono wa Mama Shirini. Shamba lilikuwapo, lakini shamba la bondeni ni la mto kwanza, la kwako baadaye. Mto ukikasirika unakula wenyewe.

Sasa, sisi ni Waislamu, na katikati ya tembo tamu na siki pana siku ambazo kilichomo mtungini ni ulevi mtupu. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo Shangazi alipokuwa fundi. Mtungi ukiujaza mpaka shingoni, tembo linapata kidirisha chembamba tu cha kupumulia, basi linabaki tembo, linakaa linakungojea utende dhambi. Ukiujaza mpaka tumboni, pale palipo papana kuliko pote, linapumua kifua chote na kugeuka upesi. Shangazi alikuwa akisema, "Shingoni tembo, tumboni siki." Halafu alikuwa na sharti lake: hakitiwi kitu. Likigeuka lenyewe, ni halali. Likitiwa maji, chumvi, hata kijiti cha kupimia, yeye halitaki tena. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, yule niliyebeba jina lake, na mimi sibishani na marehemu.

Basi utajuaje limefika wapi bila kufunua wala kuchovya kitu? Unapiga mtungi.

Alinifundisha siku za mwanzo kabisa. Alinishika mkono, akaukunja, akavigonga vifundo vyangu kwenye ubavu wa mtungi, akianzia mabegani akishuka. "Sikiliza, mama. Hapa patupu, panaitika." Kweli paliitika, ng'oo, kama mtu anayeitwa mbali. Tukashuka kidogo kidogo, ng'oo, ng'oo, mpaka ghafla sauti ikafa, du. "Hapo. Hapo ndipo lilipo." Akachukua mkaa, akachora mstari mwembamba. Kila asubuhi nikapewa kazi hiyo. Mitungi ilikuwa mitano, imekaa kwenye pete zake za majani ndani ya banda lenye giza, mikubwa kama wanawake wajawazito waliochuchumaa, na mimi nikapita mmoja mmoja, sikio limegandishwa kwenye udongo wa baridi, napiga na kuchora.

Udongo unatoka jasho, kwa hiyo kila mtungi ulikuwa ukishuka kidogo, upana wa kamba ya mgomba hivi. Ukishuka sana, una ufa. Ukishuka sana na ufa hauna, Shangazi alisema, basi una mtu. "Na mtu akinywa humu likiwa bado tembo, dhambi si yake peke yake. Mwenye mtungi ni nani?" Nilikuwa nikiitikia, "Ni wewe, Shangazi," na yeye akisema, "Basi sikiliza vizuri."

Nilisikiliza vizuri. Ila nilielewa kwa kichwa cha delta. Niliona mtungi mpya, siku za povu, mstari wangu unapanda. Povu likikatika, unashuka. Mtoto wa Nyamisati akiona maji yanapanda na kushuka atafikiri nini? Nikamwendea Shangazi uani, anapepeta mchele.

"Shangazi, mtungi wa mlangoni umepwa."

Ungo ukasimama. "Umefanya nini?"

"Umepwa. Juzi ulikuwa umejaa, leo umepwa."

"Haya, mama. Umepwa."

"Utajaa lini tena?"

"Likishakata povu halipandi tena," akasema. Akaniona sijaridhika, maana maji gani hayo yanayopwa yasijae? Akaongeza, "Au muulize mwezi." Akarudi kwenye mchele wake, mabega yanamtikisika. Mimi nikauuliza mwezi kweli. Nikawa kila unapokaribia kuwa mpevu naingia bandani na moyo unadunda, nangoja bamvua.

Sasa nije kwenye siku niliyolipata jina langu.

Nilikuwa nasoma Kurani chuoni kwa Mwalimu Seifu, mtu mrefu, mkavu, mwenye bakora ndefu kuliko subira yake. Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi hiyo mtungi mmoja ulinichelewesha, sauti yake ilikuwa haieleweki, nikaupiga na kuurudia. Nilipofika, wenzangu wamekwisha kaa mkekani, wanayumba na juzuu zao.

"Salma wa Nyamisati," akasema Mwalimu. "Jua limekuamsha, au wewe umeliamsha jua?"

"Samahani, Mwalimu. Nilikuwa napiga mtungi."

Sauti za kusoma zikakatika. Bakora ilikuwa hewani, ikabaki hapo hapo.

"Unapiga nini?"

"Mtungi, Mwalimu. Kila asubuhi. Shangazi kanifundisha. Tunapiga kwanza, ndipo tunakunywa chai."

Mvulana mmoja mkubwa, aliyekaa nyuma, akauliza kwa adabu zote, "Unapiga mingapi?"

"Yote mitano," nikajibu, kifua mbele.

Chuo kizima kikaanguka. Watu walilala chali, juzuu zikafunika nyuso. Mwalimu hakunipiga. Aliniambia nikae, na alivyoniambia kwa upole ndiyo nikaogopa. Mpaka tunatoka, nilikwisha kuwa na jina: Kapigamtungi. Walinikimbiza nalo mpaka nyumbani, wakilipigia makofi.

Sikujua kosa langu. Na niwaambie ukweli, Shangazi naye hakujua. Nilimsimulia neno kwa neno, akasema, "Si kweli unapiga? Sasa wanachocheka ni nini?" Mumewe, Baba Kombo, alikuwa amekaa na kikombe chake. Alikuwa mtu mtaratibu, mshona mitego ya samaki, mwenye maneno machache. Akasema huku anaangalia ndani ya chai, "Huko Ndundu, kwa madereva wanaongoja pantoni, kupiga mtungi maana yake ni kulewa. Ni maneno ya Dar es Salaam."

Shangazi akamgeukia. "Na wewe ya Ndundu umeyajulia wapi?"

"Nilipita."

"Ulipita," akasema Shangazi. Yakaishia hapo.

Lakini nje hayakuishia. Neno lina miguu kuliko ng'ombe wa Mang'ati. Jirani yetu, Bi Somoe, alikuwa na harusi ya binti yake karibu, na achari ya harusi zote pale ilikuwa haitoki penginepo ila jikoni kwa Shangazi. Akaja, akasimama nje ya ua badala ya kuingia, akasema, "Dada Mwanaidi, ile achari usijisumbue. Tumepata mtu." Alisema huku anatazama paa. Shangazi akamjibu, "Hongereni," na ndani ya neno hilo moja kulikuwa na pilipili ya kutosha harusi nzima. Kisha kwenye msiba wa jirani wa pili, wanawake wanamenya vitunguu, Shangazi alipokaa wakasogea, kila mmoja kidogo tu, mpaka akabaki na kisu chake na mkeka mtupu. Na mwisho dereva wa lori la mkaa akaleta salamu kutoka Kibiti: Mama Shirini anasema siki ya safari hii msiilete kwanza. Yeye hana neno, ila wateja wake wamesikia mambo, na achari yake inaingia kwenye nyumba za watu wanaoswali.

Hiyo ndiyo iliyomkalisha Shangazi chini. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi, mikono mapajani, hakukuna nazi. Nilikwenda nikasimama mbele yake nikingoja kofi, maana hata mimi sasa nilikuwa nimeelewa. Hakunipiga. Alinivuta, akanifunga upya kanga yangu iliyokuwa inaning'inia.

"Neno limetoka kwenye kinywa cha mama yangu," akasema. "Litarudishwa na kinywa hicho hicho."

Siku ya pili alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Seifu. Hakwenda kuomba. Alimwambia, "Baada ya Alasiri njoo kwangu, na uje na unaowaamini. Mtoto umemsikia anapiga mtungi. Sasa njoo umwone." Kisha akapita kwa Bi Somoe, akasimama nje ya ua, akatazama paa, akasema hivyo hivyo.

Walikuja. Mwalimu alikuja na wazee wawili wa msikitini, Bi Somoe akaja na shoga zake, na nyuma ya ua watoto wa chuo wamening'inia kwenye miti kama popo. Baba Kombo alikuwa amekaa kwenye mlango wa banda na mtego wake anaoushona, akawapisha. Shangazi alikuwa amevaa kanga mpya na amenivika nguo ya Idi. Mitungi haikutolewa nje, hapana. Siki inayolala haisumbuliwi. Lilibomolewa kuti la ukuta ili mwanga uingie, watu wakasimama wakichungulia.

Shangazi akawaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi: shingo na tumbo, jasho la udongo, sharti la kutotia kitu. "Hatufunui, hatuchovyi. Tunapiga. Kuanzia wazazi wetu tunapiga. Kama wenye magari wamelichukua neno letu wakalifanya la walevi, wao ndio watubu. Haya, mama. Piga."

Nikapiga. Nakumbuka ukimya ule. Nilizoea kupiga peke yangu, na sasa watu wazima wote wameshika pumzi kwa ajili ya vidole vyangu. Ng'oo, ng'oo, ng'oo, du. Nikachora. Mstari mpya ukakaa chini ya wa jana, upana wa kamba ya mgomba. "Umepwa kidogo," nikatangaza. Wa pili, umepwa kidogo. Wa tatu ulikwisha kuwa siki kamili. Shangazi akaufungua, akachota kwa kata, akampa Mwalimu. Mwalimu akasema bismillahi, akaonja. Uso wake mkavu ukajikunja wote ukaingia katikati kama mfuko uliovutwa kamba.

"Hii hailevyi mtu," akasema alipopata sauti. "Hii inamkunja uso tu."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa kingine, si kile cha chuoni. Hata Bi Somoe alicheka, akaziba mdomo. Nilimwona Shangazi mabega yanashuka. Mambo yalikuwa yamekwisha, tungeweza kuishia hapo na kuleta kahawa.

Lakini mitungi ilikuwa mitano, na mimi sikufundishwa kuacha kazi katikati. Nikaenda kwenye wa nne, umepwa. Nikaenda kwenye wa tano, ule wa kona ya giza. Huo ulikwisha kata povu, ulikuwa katika siku zake za ukali. Nikaanza mabegani. Ng'oo. Nikashuka kidole kimoja: du.

Nikarudia. Du. Nikautafuta mstari wangu wa jana. Ulikuwa chini, mbali, kiganja kizima. Na jana mwezi ulikuwa mpevu, mwenyewe niliutazama. Nilihisi furaha imenipanda kutoka miguuni. Nilikuwa nimengoja sana.

"Shangazi!" nikasema. "Huu umejaa maji! Leo bamvua!"

Niligeuka na mkaa wangu mkononi, nikawaona watu wazima wamenyamaza, na nikadhani wamestaajabu kama mimi. Shangazi hakunitazama mimi. Alitazama chini, pale mlangoni, alipokuwa amekaa Baba Kombo. Sindano yake ya kushonea mtego ilikuwa imesimama katikati ya tundu.

Mmoja wa wale wazee akakohoa. Mwalimu Seifu akapitisha mkono kwenye ndevu, akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema hajasifiwa. Maji yametoka wapi?"

Shangazi angeweza kusema mtoto kakosea, na nani angebisha? Sikio ni langu, mstari ni wangu, na mimi ni mtoto. Mtungi ule ulikuwa mkubwa kuliko yote, na ulikuwa ndiyo wa kumalizia mzigo wa Mama Shirini. Akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Kimetiwa kitu," akasema. "Si changu tena."

Akauinua. Mwanamke mmoja, mtungi ule, nasema akauinua. Akautoa mpaka uani, akaulaza ubavu, akakata kamba ya kitambaa, tembo likatoka likipiga kelele, likapita katikati ya miguu ya wageni, likashuka mpaka kwenye migomba. Harufu yake ilikuwa kali na tamu, nyembamba, ya maji. Kila mtu aliisikia. Kuku wa Bi Somoe walikimbilia, na kabla ya Magharibi walikuwa wakitembea upande, jogoo anawika kwa sauti ya ugonjwa. Kijiji kiliwacheka kuku hao mwaka mzima. Shangazi alisimama mpaka tone la mwisho. Kisha akausuuza mtungi, akaupindua juani, akanawa mikono, akasema, "Karibuni kahawa."

Bi Somoe ndiye aliyeingia ndani wa kwanza. Alishika kisu mwenyewe bila kuombwa, akaanza kukata mkate wa kumimina. "Dada Mwanaidi," akasema, anatazama mkate, "yule mtu wa achari tuliyempata, mkono wake mzito wa chumvi."

"Nilijua," akasema Shangazi. "Embe zako zilete kesho."

Mwalimu alipoondoka aliondoka na chupa ya siki ya nyumbani kwake, na lori la mkaa lilipopita tena likamkuta Mama Shirini amekwisha sikia. Yeye mwenyewe alisema, nasimuliwa, kwamba mtu anayemwaga mtungi mzima mbele ya watu kwa sababu ya kata chache za maji, yeye achari yake yote ataitengeneza kwa siki ya mtu huyo mpaka atakapokufa. Na ikawa hivyo, na alipokufa Shangazi ikawa kwa yangu.

Na Baba Kombo? Asubuhi iliyofuata niliamka kwenda kupiga mitungi, nikamkuta bandani kabla yangu. Alikuwa anatengeneza mlango, anautia komeo jipya la mti wa mkoko na kufuli. Hakuna aliyemwagiza. Alipomaliza alimpa Shangazi ufunguo wa kufuli, Shangazi akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga, akamwekea uji. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza jambo lile, si siku hiyo wala baadaye. Ndundu hakupita tena. Mimi nilidhani komeo lile ni la kuzuia kuku.

Nilikuwa mwari tayari nilipolijua, tena nililijua peke yangu, nachota maji kisimani, likanijia kama mtu kanigusa bega. Ndoo ikanitoka. Aliyetia komeo ndiye aliyekunywa, akajazia maji gizani mpaka akaupita mstari wangu. Lakini sikumwuliza Shangazi mpaka alipokuwa mzee, macho yamekwenda, mimi ndiye ninayeendesha kazi na yeye amekaa kitini mlangoni mwa banda anasikiliza ninavyopiga. Darasa la tatu niliacha, kusoma kwangu ni huku, na hakuna siku niliyoona haya. Nimejenga kwa siki, nimesomesha kwa siki, nimemzika mume wangu kwa heshima kwa siki.

Nikamwuliza, "Shangazi, ulijua nadhani mtungi unajaa na kupwa. Mbona hukunisahihisha?"

Akacheka kile kicheko chake cha mabegani. "Ningekusahihisha, siku ile ungejua ulichokisikia."

"Ningejua."

"Na ungejua, ungenyamaza. Mtoto mwema huwasitiri wazazi wake." Akatafuta mkono wangu, akaupapasa vifundo, ambavyo wakati huo vilikwisha kuwa vigumu kama vyake. "Na sisi tungeuza yale maji, mama. Tungeuza, na tungekula, na leo tusingekuwa watu."

Mtungi uliopasuka ni huo, wa tano, ule wa kona. Ulibaki peke yake kati ya ile mitano ya Shangazi, na umefanya kazi mpaka umechoka. Vipande nimevikusanya, shingo yake imetoka nzima, nimeipa kazi ya kukalishia sufuria.

Jana Hamisi amekuja na maneno mengine. Duka moja kubwa Kibiti linataka siki yetu, ila wanataka chupa ziwe na karatasi yenye jina. Alikuwa ameshika kalamu.

"Siki ya nini, Bibi? Siki ya Rufiji? Siki Bora?"

"Andika Kapigamtungi."

Kalamu ikasimama. "Bibi, watu watacheka."

"Wacheke," nikamwambia. "Wakishaonja watakunja uso."